Kuunganisha ndege Doha kwa saa moja na dakika arobaini nikiwa na mama: nawapa nyota nne

Wadau habari zenu. Mwezi wa nne nlimsindikiza mama mzazi kutoka Dar kwenda Manchester kwa dada, tukapitia Doha kule Qatar, na kabla ya safari nlihangaika sana kutafuta mtu aliyeelezea kwa Kiswahili ile eapoti ya Hamad inakuaje ukiwa na muda mdogo na mzee mkononi, sikupata. Sasa nimepita mwenyewe, wacha niwaandikie.

Naanza na tiketi maana mambo mengi yanaharibikia hapo kabla hata hujafunga begi. Mdogo wangu mwaka juzi ejenti alimkatia tiketi mbili mbalimbali, kampuni moja mpaka katikati, nyingine ya kumalizia, akaokoa kama laki tatu hivi akafurahi. Ndege ya kwanza ikachelewa, kufika kaunta ya pili wameshafunga, wakamwambia wewe kwetu ni abiria ambaye hakutokea, na begi lake liko nje ya uhamiaji linazunguka kwenye mkanda na yeye viza ya nchi ile hana. Siku mbili analala kwenye viti. Roho iliniuma sana, kwa iyo safari ya mama nikasema tiketi moja, namba moja ya bukingi toka Dar mpaka Manchester, hata kama imezidi bei. Ukiwa na tiketi moja na ndege ya kwanza ikakucheleweshea ya pili, kukutafutia nyingine ni kazi yao. Ukiwa na mbili ni shida yako peke yako.

Pale Terminal 3 ya Dar tukapewa boding pasi zote mbili, ya kwenda Doha na ya kwenda Manchester. Nkamuomba dada wa kaunta anionyeshe tagi ya begi kabla halijaondoka kwenye mkanda, nikaona MAN kwa herufi kubwa. Jamani angalieni iyo tagi. Ikiisha na DOH ujue begi lako linaishia Doha na wewe unaendelea bila nguo.

Kingine ni saa. Doha na Dar saa ni zilezile, hubadilishi kitu kwenye simu, hapo tunapona. Ila skrini na tiketi haziongei saa zetu. Tiketi ya mama iliandikwa 01:35 tarehe 15, yeye akasoma saa moja na nusu, sasa ya asubuhi au ya jioni? Nkamwambia mama iyo ni saa saba na dakika thelathini na tano usiku, usiku wa kuamkia tarehe 15, yaani tarehe 14 ndo siku ya safari. Usicheke mtu hapa, jirani yetu alifika eapoti amevaa suti, kumbe ndege imeshaondoka siku nzima iliyopita, kwa sababu hii hii.

Haya, kwa karatasi tulitakiwa kutua saa sita kasoro tano usiku, tukawa na saa moja na dakika arobaini. Mvua ya Dar ikatuchelewesha kuruka, tukatua saa sita na dakika ishirini. Mlango unafunguliwa imeshafika sita na nusu. Na geti linafungwa dakika 20 kabla ya ndege kuondoka, kwa iyo saa ya kuihesabu kwetu ilikuwa saa saba na robo, ile saba na thelathini na tano ni saa ya ndege kuondoka tu. Afu mama ana magoti, nlikuwa nimeshamuombea kiti cha magurudumu tangu siku ya kukata tiketi (ni bure, msione aibu kuwaombea wazee), na sikujua kwamba wenye viti wanashushwa mwisho, watu wote wakishatoka. Tunatoka pale ni sita na dakika arobaini. Zimebaki dakika 35 na moyo unanidunda.

Nje ya mlango nakuta kijana kasimama na kiti, ana karatasi yenye jina la mama. Nikaanza kumwambia kwa Kiingereza ndege yetu ni ya saa fulani, akamwangalia mama, akaangalia khanga, akasema, "Shikamoo mama, karibu Doha." Mtu wa Kilifi! Mama aliitikia marahaba kama amekutana na mwanawe, nlimwona mabega yanashuka, maana toka Dar alikuwa amekaa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

Ukishuka unafuata mabango ya transfa, yaani ya wanaounganisha ndege, na hata kama ulikaguliwa Dar hapo unakaguliwa upya, kila mtu. Hapa ndo dakika zinapotea. Chupa ya maji uliyopewa kwenye ndege inywe au iache, haipiti. Asali, mafuta ya nazi, chochote cha majimaji zaidi ya mililita 100 kiwe kwenye begi kubwa toka nyumbani. Sisi maji tulishayamaliza, simu nimeshaitoa, nikajua tumemaliza, mama anapita mashine inalia. Anarudi, inalia tena. Dada wa ukaguzi anampapasa haoni kitu, mpaka mama mwenyewe akakumbuka, akafungua fundo la khanga kiunoni, zikatoka sarafu, mia mia na mia mbili mbili, kama kumi hivi, ameziweka za nauli ya daladala siku atakayorudi. Yule dada akazipokea kwa mikono miwili akaziweka kwenye trei taratibu, akamwachia mama afunge fundo lake vizuri bila kumkimbiza, na nyuma foleni ipo. Nyota moja nzima ni ya yule dada.

Baada ya hapo unatokea kwenye ukumbi mkubwa wenye lile lidubu la njano, kubwa kama mita saba, taa imemtoka kichwani. Likaririni, kama mko wengi mkipotezana mnakutana pale, hakuna asiyeliona. Mageti yana herufi A mpaka E, na za mbali kuna katreni kanapita juu humohumo ndani ya jengo. Angalia skrini hapohapo, usitegemee geti lililoandikwa kwenye boding pasi ya Dar, geti linaweza kubadilika. Maduka yote yako njiani yanang'aa, na bustani yenye miti ya kweli iliyofunguliwa mwisho wa 2022, ile The Orchard, tuliipita mbiombio, mama akauliza tu, "Mwanangu, mvua inawanyesheaje humu ndani?" Ukiwa na masaa mengi kaa pale, kuna vyumba vya kupumzika vya wanaume kivyao na wanawake kivyao, sehemu ya kuswalia ipo, hoteli ipo humohumo bila kutoka nje. Sisi tulikuwa na kijana wa Kilifi anasukuma kiti na mimi nakimbia pembeni na mabegi mawili.

Tumefika getini saa saba na dakika tano. Dakika kumi mkononi. Nlitaka kumpa yule kijana kitu kidogo, akakataa, akamwambia mama amuombee mama yake tu kule kwao.

Begi lilifika Manchester, dagaa wote salama.

Hao Hamad nawapa nyota nne kwa sababu mpangilio wao ni wa uhakika, ila ile ya tano nimeizuia kwa kuwa bila kiti na bila mtu wa kutukatisha njia za mkato tusingefika, yaani mzee anayetembea mwenyewe polepole umwachie saa moja na nusu hapo ni kumtesa. Kijana asiye na mzigo inamtosha, akipata siti ya mbele ndo bora zaidi.

Mama anarudi mwezi wa nane, safari hii peke yake. Nimemkatia ya masaa matatu na nusu Doha, kiti nimeshakiombea, na dada nimemwambia amwandikie kwenye karatasi saa zote kwa kuhesabu kwetu, na sarafu aziweke kwenye pochi.