Pikapu ya Kuvuta na Kushushia Boti: Ununue Ipi?

Muuzaji atakusifia nguvu za injini. Wewe muulize gari litatokaje majini. Kutoka Mombasa hadi Kilifi kwa lami, pikapu karibu zote huvuta boti ya faiba ya futi 20 bila taabu. Kazi ipo pale maji yanapokupwa, mteremko umeota mwani na boti iko nyuma yako. Siku za bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, Mombasa maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, kwa hiyo unaweza kujikuta umeshuka mbali kwenye mchanga laini. Inayovuta magurudumu mawili tu siihesabu. Nataka yote manne, na gia nzito, ile ya kwenda polepole kwa nguvu.

Ya kwanza kwangu ni Toyota Hilux ya dizeli ya 2.8. Vipuri vyake unavipata pwani nzima, na fundi hahitaji kufundishwa. Ya pili, Isuzu D-Max ya 3.0: injini mvumilivu, na inaunganishwa Nairobi. Land Cruiser 79 naiweka ya tatu kwa sababu ya bei tu; kwa boti nzito haina mpinzani, uzito wake wenyewe huishika ardhi. Ford Ranger ni tamu kwa safari ndefu, ila hakikisha kwanza mjini kwako kuna fundi wake.

Usipime boti peke yake. Petroli lita 100 ni kilo 75 hivi. Ongeza mashine ya boti, nanga na trela yenyewe. Trela nzito lazima iwe na breki zake.

Ukinunua iliyotumika, lala chini uvunguni. Moja niliyonunua ilikuwa imepakwa rangi nyeusi kote chini, inang'aa. Fundi alipochomeka bisibisi kwenye chesisi, karibu na springi za nyuma, iliingia mpaka mpini. Chumvi ilikuwa imeila kwa ndani. Tangu siku hiyo bisibisi hutangulia, pesa hufuata.

Ukifika ufukweni, usikimbilie kuingiza trela. Beringi za magurudumu ya trela zikiwa za moto, maji huzipoza ghafla, hewa ya ndani hunywea na kuvuta chumvi ndani. Zisubiri zipoe, chomoa waya wa taa, ndipo urudi nyuma taratibu. Jioni hiyo hiyo osha breki na chesisi kwa maji ya bomba, za gari na za trela.