Unataka Firebird ya zamani? Anza na pua

Malalamiko ya wasomaji wangu walioko Marekani yanafanana. Mtu kanunua Pontiac Firebird Trans Am ya miaka ya 1970 (Firebird ni gari la michezo la Kimarekani, Trans Am ndiyo toleo lake la juu), kasikiliza injini, kalala chini ya gari kutafuta kutu, kalipa. Majira ya joto yakifika, rangi ya pua, yaani uso wa mbele wenye taa na bampa, inapasuka. Fundi bodi akikwangua anakutana na puti, ile ya kujazia mabonde ya bodi. Ya injini na kutu yameandikwa hadi yamechosha, kwa hiyo leo nawasumbua na pua.

Bodi ile ilitengenezwa kuanzia 1970 hadi 1981, na Pontiac walikuwa wakiibadilisha uso tu. Bampa ya 1970 hadi 1973 ni chuma kilichovikwa mpira mgumu wenye rangi ya gari, ufundi waliouanzisha kwenye GTO, gari lao jingine, ya 1968. Sheria za Marekani zikaja kudai bampa zihimili kugongwa kwa maili 5 kwa saa, sawa na kilomita 8, na mwaka 1974 pua ikalazwa mteremko na kufunikwa plastiki laini. Plastiki hiyo ndiyo mgonjwa wetu: jua huikausha, ikajikunja na kuanza mawimbi.

Nenda asubuhi au jioni, jua likiwa chini. Chuchumaa kando ya taa na uitazame pua kwa ubavu, mawimbi hayatajificha. Bonyeza chini ya taa kwa dole gumba. Plastiki nzima hubonyea kidogo, ikarudi. Ukigonga ikalia ko-ko, hapo kuna faibaglasi, au puti nene. Angalia pia mwanya kati ya pua na boneti: upande mmoja ukiwa mpana kuliko mwingine, uliza iligongwa lini.

Nikizipanga kwa miaka, kwangu ya kwanza ni ya 1976, na sibembelezi mtu. Taa bado ni za mviringo, bampa zina rangi ya gari bila ile mipira myeusi ya 1974 na 1975, kioo kikubwa cha nyuma kilichoanza 1975 kipo, na ndio mwaka wa mwisho wa injini kubwa ya 455 (ujazo wake kwa inchi). Walitoa hata toleo jeusi lenye dhahabu kuadhimisha miaka 50 ya Pontiac.

Ya pili, 1970 hadi 1973. Kwa uzuri wa uso hazina mpinzani, ila mpira ule ukipasuka mpaka kwenye chuma, kazi yake ni ya fundi anayeijua.

Tatu, 1977 na 1978, zenye taa nne za mstatili na pua iliyochongoka. Filamu ya mwigizaji Burt Reynolds ya 1977, Smokey and the Bandit, ilizipa jina, na wauzaji mpaka leo wanatutoza kiingilio cha sinema. Gari nyeusi yenye pua iliyojikunja wanaiita “hali safi kabisa”, picha wamepiga gari ikiwa imelowa maji!

Nne, 1979 hadi 1981: kila taa ina tundu lake, na shoo imeshushwa kwenye bampa. Ya 1979 chukua yenye injini ya 400 na gia za mkono, nguvu farasi 220. Mfuko ukibana, kuna za 1980 na 1981 zenye injini ya 301. Zinatembea.

Camaro ya Chevrolet ni ndugu yake wa bodi moja. Anayeitaka akaulize kwingine.

Na hawa wanaobandika stika ya yule ndege mwenye mabawa, alama ya Trans Am, kwenye boneti ya Firebird ya kawaida, kisha wanadai bei ya Trans Am, wananichefua. Kwa gari za 1977 hadi 1979, namba ya chasi ya Trans Am huanza na 2W87. Ukikuta 2S87 ni Firebird ya kawaida, na matoleo mengine ya Firebird ni 2T87 ya Esprit na 2U87 ya Formula. Namba iko kwenye dashibodi, inasomeka kupitia kioo cha mbele upande wa dereva. Omba picha yake kabla hujapanga safari; muuzaji akianza kuzungusha maneno, mpigie mwingine.