Kalsiamu naitreti kwenye nyanya za viroba: uzoefu wangu

Naitumia msimu wa tatu sasa, kwenye nyanya za viroba vya lita 20, na kwa kazi moja sijaona mbolea ya kuifikia: kuzuia matunda kuoza kitako. Ni chenga nyeupe zenye naitrojeni asilimia 15.5 na kalsiamu kama 19, na huyeyuka zote kwenye maji. CAN, ile mbolea ya kukuzia ya kalsiamu na amonia naitreti, nayo ina kalsiamu, ila ni ya chokaa inayoyeyuka polepole, na nusu ya naitrojeni yake ni ya amonia, inayogombania mizizi na kalsiamu.

Usiianze mapema. Kupandia natumia samadi iliyooza vizuri, theluthi moja ya udongo, pamoja na kizibo kimoja cha soda cha DAP (mbolea ya kupandia yenye fosfeti), kama gramu 5, kilichofukiwa kisiguse mizizi. Maua ya kwanza yakitoka ndipo naanza: vizibo vinne kwenye maji lita 10, lita moja kila mche, mara moja kwa wiki, udongo ukiwa na unyevu. Kwenye udongo mkavu itaunguza mizizi. Kwa miche kumi, robo kilo inafikisha wiki kumi na mbili.

Usiichanganye ndoo moja na DAP wala mbolea yoyote ya salfeti. Maji yanageuka meupe kama tui, machicha yanatuama chini, na kalsiamu uliyoilipia imebaki humo. Salfeti ya potasiamu, ambayo nyanya inaihitaji sana wakati wa kujaza tunda, naiweka siku tatu baadaye.

Udhaifu wake ni kwamba haifidii umwagiliaji wa kusuasua. Kalsiamu husafiri na maji, na majani huyavuta kuliko tunda; kiroba kikikauka, tunda changa ndilo linaloumia. Utaona doa la majimaji kitakoni, kisha linakuwa jeusi na kubonyea kama ngozi kavu. Hilo haliponi, lichume. Kunyunyizia majani hakusaidii kitu, kwa kuwa kalsiamu haihami kutoka jani kwenda tunda. Jua likiwa kali, mwagilia asubuhi na jioni, utandaze nyasi kavu juu ya udongo.

Tatizo jingine ni kuhifadhi: inanyonya unyevu vibaya mno. Ya kupimiwa kwenye mfuko uliolegea mara nyingi inauzwa ikiwa imeshaanza kuwa rojorojo, na hapo kipimo cha kizibo hakiaminiki tena. Chagua chenga zinazotiririka, uzihamishie siku hiyo hiyo kwenye kopo lenye mfuniko wa kukaza.

Majani yakiwa ya kijani kizito na maua yanadondoka, naitrojeni imezidi. Shuka hadi vizibo viwili.