Begi la lita 65, siku ya tatu mlimani: uzoefu wangu

Saa ya kwanza kila begi ni zuri. Kabla ya kununua nilisoma maoni mengi ya watu waliolivaa likiwa tupu, mbele ya kioo, wakaligawia nyota tano. Hili langu ni la lita 65, kitambaa cha nailoni ya denia 210 (maana yake mita 9,000 za uzi wake zina uzito wa gramu 210), fremu ya alumini, na mgongoni lina wavu uliovutwa mbali kidogo na mwili ili hewa ipite. Likiwa tupu lina kilo 2 na gramu 100. Nilitembea nalo siku sita milimani, ila nitaeleza siku moja tu, ya tatu, kwa sababu ndiyo siku tuliyogombana, kisha tukapatana nusunusu.

Siku hiyo ilikuwa ya kilomita 18 na mwinuko wa mita 1,200. Naismith, mpanda milima wa Uskoti, alitoa kanuni yake mwaka 1892, na kwa vipimo vya leo inasemwa hivi: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 unazopanda. Kwa hesabu hiyo tungefika kwa saa 5 na dakika 36. Tulitumia saa tisa na nusu. Sehemu ya muda ule ni miguu yangu, siikatai, lakini sehemu kubwa ilikuwa mgongoni.

Kule juu kwenye ukingo hakukuwa na maji, kwa hiyo tuliondoka kambini na lita 3 kila mmoja. Lita moja ni kilo moja, hakuna ujanja hapo. Mzani mdogo wa kuning'iniza ulisema kilo 15.4. Mimi nina kilo 72, na ushauri uliozoeleka ni kwamba mzigo usizidi moja ya tano ya uzito wako. Nilikuwa nimepitiliza kwa kilo moja, na hiyo kilo moja niliijua kwa jina ilipofika saa ya tatu ya kupanda.

Mabega yalikuwa yanawaka. Yalishawaka siku mbili zilizotangulia, nami nilikuwa nimeshaandika kichwani maoni makali: sponji nyembamba, mikanda mibovu, msinunue. Mwenzangu alikuwa nyuma yangu, akaniuliza, "Kaka, hilo begi umelivaa wewe au limekuvaa lenyewe?" Tukaketi juu ya mwamba. Akaniinamisha kichwa, akatafuta kwa kidole ile pingili inayojitokeza shingoni, akashuka na kamba kufuata uti wa mgongo hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Kamba ilitoa sentimita 46. Mimi begi nilikuwa nimelirekebisha kwenye 52, kwa sababu ni mrefu. Kumbe urefu wangu wote uko miguuni, mgongo ni wa mtu mfupi.

Hapo ndipo nilipoanza kulipenda. Mgongo wa begi hili unapanda na kushuka kwa ukanda wa kunata, huhitaji kifaa chochote, dakika mbili umemaliza. Tulilishusha hadi 46, mkanda wa kiunoni ukakaa juu ya mifupa ya nyonga badala ya kuning'inia chini yake, nikaukaza wa kwanza, kisha wa mabegani, kisha vile vikanda vidogo vya juu vinavyolivuta begi lije mbele. Niliposimama, uzito ulikuwa umehama. Mabega yakabaki na kazi ya kulizuia lisiyumbe, nyonga zikabeba. Hakuna karatasi ya maelezo iliyokuja na begi iliyosema habari ya kupima mgongo. Kulikuwa na kikaratasi chenye mchoro wa mtu anayetabasamu.

Huo wavu wa mgongoni una sifa na una gharama. Sifa: shati langu lilikuwa kavu kuliko la mwenzangu, na kwenye upepo wa ukingoni ukavu huo si anasa. Kila mita 1,000 unazopanda hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5, na shati lililolowa jasho hukukumbusha mara tu unapopumzika. Gharama: kwa kuwa mzigo umesogezwa mbali na mwili, unakuvuta kwa nyuma. Vitu vizito lazima vikae katikati, vikigusa mgongo kabisa: maji, chakula, jiko. Asubuhi nilikuwa nimeliweka hema nje, kwenye mfuko mkubwa wa nyuma, na kila nilipokanyaga jiwe legevu begi lilitaka kunilaza chali. Nilipolihamishia hema ndani, lilitulia.

Mifuko ya pembeni ya chupa ni kero. Mkono haufiki. Mtu anayeshona mfuko wa maji mahali ambapo mwenye kiu hawezi kuugusa nadhani hajawahi kuona kiu. Unywe basi kwa msaada wa jirani, au uvue begi zima, na kuvua na kuvaa kilo 15 mara kumi kwa siku ni mazoezi ambayo sikuyaomba. Pia fremu inalia. Kwii, kwii, kila hatua ya mguu wa kulia. Mwenzangu anasema hakuhitaji kugeuka kujua kama bado nipo.

Mvua ilitukuta saa nane mchana, bado tuko wazi. Begi linakuja na gamba lake la mvua, limehifadhiwa kwenye kimfuko cha chini, wazo zuri. Lakini gamba hufunika nyuma na pembeni tu, mgongo uko wazi, na maji yanayoteremka shingoni yana njia yao. Upepo nao uliingia chini yake likatuna kama tanga la jahazi, mara mbili nikalishika hewani. Mwisho wa siku nilipolivua, maji kama kikombe yalikuwa yametuama ndani ya gamba lenyewe, chini kabisa, mahali ambapo begi lina zipu ya chumba cha begi la kulalia. Zipu hiyo haizuii maji. Begi langu la kulalia ni la manyoya ya bata, na manyoya yakilowa hushikamana na kuacha kutunza joto. Liliponea kwa sababu nilikuwa nimelitia kwenye mfuko mzito wa plastiki, nikaukunja mdomo. Mfuko huo ndio ulioniokoa. Gamba nililiacha nyumbani safari iliyofuata.

Kwenye mteremko likaibuka jambo la mwisho, na hili sikubaliani nalo kabisa. Mkanda wa kiunoni ukilowa unateleza kwenye kifungo chake. Unaukaza, unashuka hatua mia mbili, umelegea, mabega yameanza tena. Magoti yenyewe yanalalamika, fimbo zimeshika mikono yote miwili, huna mkono wa tatu wa kukaza mkanda. Nilifunga fundo nyuma ya kifungo, likashika hadi kambini, ila kulifungua kwa vidole vilivyoganda kulinichukua muda ambao mwenzangu alishachemsha maji.

Usiku, kwa tochi ya kichwani, nilikagua mishono. Pale mkanda wa bega la kushoto unapoungana na begi, nyuzi tatu zilikuwa zimekatika. Nilizishona kwa sindano na uzi wa kusafishia meno, ambao ni mgumu kuliko uzi wa kawaida wa cherehani, na mshono huo umemaliza safari na safari nyingine mbili baadaye.

Nampa nyota tatu na nusu aliyelitengeneza: zote tatu ni za ule mgongo unaopanda na kushuka, nusu ni ya wavu. Muuzaji nilimtumia picha ya mshono. Alijibu siku hiyohiyo, kwa heshima, akaomba nimtumie begi ili alikague, na akasisitiza kwamba dhamana haihusu begi lililoshonwa na mteja.