Darasa la kujiandaa kubadilishiwa goti: uzoefu wangu

Darasa hili hutolewa kabla ya upasuaji, pamoja na kijitabu cha mazoezi ya kufanyia nyumbani. Namshauri kila anayesubiri goti bandia asilikose, kwa sababu moja hasa: linasisitiza kunyoosha goti, si kulikunja tu.

Wagonjwa wengi huhesabu nyuzi za kukunja: 90, kisha 110, kisha 120. Lakini goti lisilonyooka kabisa humfanya mtu achechemee, na misuli ya mbele ya paja huchoka kila hatua. Kosa huanzia kitandani. Mto chini ya goti huleta nafuu, ila goti hubaki limejikunja kwa saa nyingi na kukazia hapohapo. Tulifundishwa kuviringisha taulo, kuliweka chini ya kisigino ili goti libaki hewani, kisha kukaza paja kwa sekunde 5 kama unayelisukuma goti lishuke godoroni. Mara 10, pumzika, rudia baadaye.

Maelezo ya fremu ya kutembelea nayo ni sahihi. Ukisimama wima, mikono ikining'inia, vishikio viwe usawa wa kifundo cha mkono. Fremu ikiwa fupi utainama, na ukiinama goti halinyooki. Kwenye ngazi, mguu mzima hutangulia kupanda. Uliopasuliwa hutangulia kushuka.

Kijitabu kinapwaya kwenye dawa. Kimeandika umeze za maumivu "ukihitaji", bila kueleza kwamba vidonge vingi huchukua nusu saa hadi saa moja kufanya kazi. Anayesubiri mpaka mazoezi yaume amechelewa, na ndiye huyo anayeishia kuyaacha. Muulize daktari jinsi ya kuoanisha dozi na mazoezi. Muulize pia kuhusu choo, maana dawa kali za maumivu hukifunga.

Kuhusu barafu, wameandika dakika 15 hadi 20 tu. Waongeze kwamba ni lazima ifungwe kwenye kitambaa: ngozi ya upande wa nje wa mshono mara nyingi hufa ganzi, kwa hiyo baridi inaweza kuiunguza usihisi. Wala hawasemi utajuaje kuwa umezidisha kutembea. Uvimbe wa jioni ukiwa bado haujapungua asubuhi, punguza kutembea siku hiyo, lakini kunyoosha usiache.

Ukurasa bora kuliko yote, wa dalili za hatari, wameuweka karibu na mwisho. Goti kuwa na joto na uvimbe kiasi kwa miezi kadhaa ni kawaida. Usaha, wekundu unaoenea au homa ya nyuzi 38 na zaidi, piga simu hospitali siku hiyohiyo. Vilevile shavu la mguu likivimba na kuuma, kwani huenda damu imeganda. Kifua kikiuma au pumzi ikikatika ghafla, nenda idara ya dharura papo hapo. Ukurasa huo uchane, uubandike ukutani, na anayekuuguza ausome pia.