Karate Chumbageni: miezi minane, na usiku mmoja wa mnyororo

Nauza vitambaa Ngamiani, nakaa Sahare, na kama wanawake wengi wa Tanga usafiri wangu ni baiskeli. Mwaka jana shoga yangu alikwapuliwa mkoba na watu wa pikipiki. Mkanda wake alikuwa ameuzungushia mkononi, basi wakamburuta hadi magoti yote mawili yakachubuka. Wiki hiyohiyo nikaenda kujiandikisha karate katika ukumbi mmoja Chumbageni. Ada shilingi 25,000 kwa mwezi, mazoezi Jumamosi na Jumapili asubuhi, sakafu ya sementi tupu.

Wanafundisha Goju-ryu, mtindo wa Okinawa ulioasisiwa na Chojun Miyagi (1888–1953). "Go" ni ugumu, "ju" ni ulaini. Mwezi wa kwanza karibu wote ulikwenda kwenye kata (mfululizo wa miondoko iliyopangwa, unaofanya peke yako) ya Sanchin: miguu imeelekea ndani kidogo, magoti yamelegea, kiuno kimekazwa, unavuta na kutoa pumzi hadi jasho linadondoka. Sensei, yaani mwalimu, anapita nyuma anakupiga mabegani na mapajani kwa viganja kuona kama unayumba. Nilikereka. Nilikuja kujifunza kujikinga na kibaka, nikawa nafundishwa kusimama.

Kilichonikera zaidi ni mazoezi ya wawili wawili. Mwenzako anarusha ngumi moja kutoka mbali, halafu anauacha mkono hewani akusubiri umalize mbinu zako. Mwezi wa tatu nikashindwa kunyamaza: "Mwalimu, samahani, huko njiani hakuna atakayenisubiri." Hakukasirika. Kuanzia hapo nusu saa ya mwisho ya Jumapili ikawa ya nguo za kawaida. Nikaja na dera na ndala zangu. Mwenzako anakukamata bila kukuambia lini, na haachii mpaka utoke mwenyewe. Siku ya kwanza sikutoka hata mara moja. Teke nililojivunia nalo likagoma, kwa sababu dera lilinifunga magoti.

Hapo ndipo nilipoielewa kata ya Saifa, ambayo mwanzo wake wengi huufundisha kama namna ya kujinasua mkono ulioshikwa. Mtu akikushika kifundo, vidole vinne viko upande mmoja na gumba liko peke yake upande wa pili. Kwenye gumba ndiko kwenye mlango. Ukivuta mkono kinyumenyume mnashindana nguvu, na mwanamume atakushinda. Unasogea kwake, unashusha kiuno, unaleta kiwiko tumboni mwako, unauzungusha mkono kuelekea gumba lake. Kinachofanya kazi ni mwili mzima, na mwili huo ni ule wa Sanchin.

Mwezi wa saba ikanikuta. Ilikuwa baada ya Isha, mnyororo wa baiskeli umechomoka, nimechuchumaa naurudisha. Kijana akaja: "Dada, nikusaidie?" Nikasimama, baiskeli nikaiweka katikati yetu. Darasani nafasi hiyo kati yako na mtu wanaiita "maai". Akaizunguka, akanikamata mkono wenye simu. Kufikiri sikufikiri. Kiuno kilishuka chenyewe, mkono ukatoka, nikapiga kelele: "Niache! Niache!"

Tunakatazwa kuita "mwizi", nami nakubaliana na katazo hilo kwa moyo wote. Neno hilo huleta mawe na matairi, na anayeuawa pengine siye. Sheria yetu, Kanuni ya Adhabu, inampa mtu haki ya kujitetea, ila kwa nguvu ya kiasi. Kijana alikimbia. Mwenye genge akatoka na tochi, akanirudishia mnyororo yeye, maana mikono yangu ilikuwa inatetemeka, siwezi kushika kitu.

Sikurusha ngumi hata moja. Angekuwa na kisu ningempa simu, na sensei mwenyewe anasema hivyohivyo. Zile video za kumpokonya mtu panga kwa mikono mitupu siziamini. Na kwa pikipiki karate haina dawa: mkoba uwe upande usio wa barabara, mkanda usiuzungushe mkononi.

Anayetaka kuanza, kwanza aende akaangalie somo moja zima kabla ya kutoa hela. Aangalie kama kuna wakati mshikaji anakataa kweli kuachia. Kama wote wanaachia kwa adabu, atafute kwingine au amwombe mwalimu kama nilivyomwomba wangu. Na ukumbi wetu uweke mikeka, jamani. Kuangukia sementi kumeniumiza nyonga wiki mbili.

Mwezi huu nimelipa ada mbili, yangu na ya binti yangu wa kidato cha pili. Yuko kwenye Sanchin, na kila Jumapili ananiuliza wataanza lini kupigana.