Boriti ya Nyuma ya Gari la Otokrosi: Ununue Nini Kwanza

Otokrosi ni mashindano ya magari dhidi ya saa kwenye njia fupi yenye kona kali, ambayo kwenye lami hupangwa kwa koni. Magari madogo mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele, kama vile Honda Fit, Toyota Vitz, Ford Fiesta ST na vizazi vinne vya mwanzo vya Volkswagen Golf, hubeba sehemu ya nyuma juu ya boriti moja ya chuma inayojipinda. Boriti hiyo huunganisha mikono miwili ambayo kwa mbele imefungwa kwenye bodi kwa bushi na kwa nyuma hushika magurudumu, na gurudumu moja linapopanda peke yake boriti nzima hujisokota ili kulizuia. Wapo wanaoidharau kwa kuwa ni rahisi kutengeneza, lakini mwaka 2014 Renault Mégane R.S. Trophy-R yenye boriti ya namna hii ilizunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring, Ujerumani, kwa dakika 7 na sekunde 54.36 ikaweka rekodi ya magari ya magurudumu ya mbele ya wakati huo, na Trophy-R ya mwaka 2019 iliondolewa kwa makusudi mfumo wa kukunja magurudumu ya nyuma ikarudishiwa boriti ili gari liwe jepesi. Kwa hiyo fedha zako hazihitajiki kuibadilisha boriti. Zinahitajika kuisaidia, na mpangilio wa kununua ndio utakaoamua kama zitarudisha sekunde au zitaharibu gari.

Tatizo lenyewe ni hili. Katika gari la aina hii takribani asilimia 60 au zaidi ya uzito hukaa mbele, na matairi ya mbele hufanya kazi tatu kwa pamoja: kuvuta, kukata kona na sehemu kubwa ya kufunga breki. Ukiingia kona kali kati ya koni, gari hulala (bodi huinamia upande wa nje), uzito huhamia kwenye tairi la nje la mbele, tairi hilo hulemewa, nalo la ndani hubaki jepesi na kuanza kuzunguka bure mara unapokanyaga mafuta, kwa kuwa difu ya kawaida, gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili, haiwezi kuupa upande wenye mshiko msukumo zaidi ya ule unaopokelewa na tairi jepesi. Matokeo yake pua husukuma nje na dereva hubaki kusubiri. Dawa ni kuifanya nyuma ya gari iwe ngumu zaidi dhidi ya kulala, ili sehemu kubwa ya uhamaji wa uzito ifanyike nyuma na tairi la ndani la mbele libaki limekanyaga lami. Kila kifaa kilichopangwa hapa kimepimwa kwa kipimo hicho kimoja.

Kabla ya kutoa fedha yoyote, shughulikia upepo wa matairi. Ongeza psi 3 hadi 5 kwenye matairi ya nyuma, endesha, uone kama mkia unaanza kuzunguka. Jambo hili halina gharama na litakuonyesha ni kiasi gani cha mabadiliko unachohitaji kweli. Vilevile soma kanuni za daraja unaloshindania, kwa sababu vilabu vingi huruhusu stabilaiza (fimbo ya chuma inayozuia gari lisilale) na shokapu katika madaraja ya magari ya kawaida lakini hukataa springi, na kifaa kizuri kuliko vyote hakina thamani kama kinakupeleka kushindana na magari yaliyotengenezwa upya kabisa.

Nafasi ya kwanza naipa stabilaiza ya nyuma bila kusita. Kwa magari ya boriti zipo za aina mbili. Ya kwanza ni fimbo inayofungwa moja kwa moja kati ya mikono miwili, ndani ya boriti au nyuma yake, bila kiungo chochote kwenye bodi. Hii hufanya kazi kwa kusokotwa pamoja na boriti, haina bushi za kuchakaa na hufungwa kwa muda mfupi. Ya pili ina umbo la herufi U, hukaa juu ya boriti kwa bushi na kushikwa kwenye bodi kwa vifimbo vya pembeni, na mara nyingi ina matundu mawili au matatu ya kurekebishia: ukifunga kwenye tundu linalofupisha mkono wa fimbo, ugumu unaongezeka. Kwa gari linaloendeshwa kazini siku za wiki na kwenye koni mwisho wa wiki, aina ya pili ni bora kwa sababu ya matundu hayo, hata kama bei yake iko juu kidogo.

Usinunue kwa kutazama kipenyo peke yake. Ugumu wa fimbo dhidi ya kusokotwa hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo, kwa hiyo kutoka milimita 22 hadi 25, tofauti ambayo kwa macho haionekani kuwa kubwa, ni ongezeko la takribani asilimia 67. Kwa hesabu hiyo hiyo, fimbo yenye uwazi ndani ya kipenyo cha milimita 28 na ukuta wa milimita 3 inakaribiana kabisa na fimbo iliyojaa ya milimita 25, ilhali uzito wake haufiki nusu. Na kwa kuwa uzito huu unabebwa na magurudumu badala ya springi, hiyo ni tofauti inayostahili kulipiwa. Eibach, H&R na Whiteline hutengeneza stabilaiza kwa magari mengi ya boriti. Unapoikagua dukani, tazama hasa vibamba vya kufungia. Matundu ya bolti yakiwa mapana kuliko bolti zenyewe, fimbo itateleza kwanza kabla ya kuanza kusokotwa, na mwanzo wa kila kona, mahali unapoihitaji zaidi, haitafanya kitu. Hakikisha pia kwamba haigusi bomba la moshi wala waya wa breki ya mkono pale mkono wa boriti unaposhuka kabisa, na kwamba bolti zinakazwa gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, lisije likafungwa likiwa na msokoto wa kudumu upande mmoja.

Ugumu huu una kikomo. Gari la boriti likiendeshwa kwa kasi huinua gurudumu la nyuma la ndani, jambo la kawaida ambalo halipaswi kumtisha mtu. Lakini gurudumu hilo likishaachana na lami, nyuma imekwisha kuhamisha uzito wote iliokuwa nao, na kila nyongeza ya kulala inarudi mbele. Kwa hiyo kama gari lako tayari linainua gurudumu mapema katikati ya kila kona na pua bado inasukuma, fimbo nene zaidi haitakusaidia. Itainua gurudumu mapema zaidi tu. Hapo ndipo matairi bora, kemba ya mbele (mwinamo wa gurudumu kuelekea ndani au nje kwa juu) au difu yenye kujifunga vinapostahili fedha zako, na muuzaji anayekuambia vinginevyo hajalitazama gari lako likiwa kwenye kona.

Nafasi ya pili ni shokapu zinazorekebishika. Otokrosi ya lami ni mfululizo wa kubadili upande, na mizunguko mingi humalizika kwa takribani dakika moja, kwa hiyo gari halipati muda wa kutulia katika kona ndefu. Kinachoamua mwendo ni jinsi uzito unavyohama haraka, na kazi hiyo ni ya shokapu. Shokapu za chapa ya Koni aina ya Sport, zile za rangi ya manjano, hurekebishwa nguvu ya kurudi, yaani ile inayozuia shokapu isirefuke upesi, na kuikaza kidogo kwa nyuma huufanya mkia ufuate usukani upesi kati ya koni. Bilstein B6 na B8 ni imara na hudumu, lakini kwa kawaida hazirekebishiki, hivyo zinamfaa zaidi anayetaka kifaa kimoja cha kuendeshea kila siku. Sababu ya kuziweka nyuma ya stabilaiza ni bei: shokapu nne nzuri huzidi kwa mbali gharama ya fimbo moja. Isipokuwa kama shokapu zako zimekwisha; gari lenye shokapu zinazovuja mafuta litengenezwe hilo kwanza, kwani stabilaiza mpya itaficha ugonjwa huo kwa siku chache na kisha kuuongeza.

Ya tatu ni vibati vya alaimenti. Boriti haina bolti za kurekebishia, kwa hiyo pembe za magurudumu hubadilishwa kwa kuweka vibati vyembamba vyenye umbo la kabari kati ya boriti na habu. Ni bidhaa ya bei ndogo yenye athari kubwa kuliko inavyodhaniwa. Kwa lami, kemba hasi (gurudumu likiinamia ndani kwa juu) ya nyuzi 1.5 hadi 2 inatosha kwa nyuma. Mwelekeo wa magurudumu uwe sifuri, au yafunguke kwa mbele milimita 1.5 hadi 3 kwa jumla kama unataka mkia unaozunguka upesi. Lakini elewa kwamba gari lililofunguliwa hivyo huyumba kwenye barabara kuu, hasa mvua ikinyesha, na hula matairi. Kwa gari la familia baki kwenye sifuri. Angalia pia kwamba bolti za habu bado zinaingia kwa urefu wa kutosha baada ya kibati kuongezwa.

Springi ngumu za nyuma zinakuja nafasi ya nne. Zinafanya kazi, na katika madaraja yanayoziruhusu zitakuja kuwa za lazima, lakini tofauti na stabilaiza huongeza ugumu hata gurudumu zote mbili zinapopita tuta kwa pamoja, na zinadai shokapu zinazoweza kuzitawala. Ukizinunua kabla ya shokapu, gari litarukaruka kwenye lami mbovu na kupoteza mshiko ule ule uliokuwa unautafuta. Jihadhari na seti zinazouzwa kwa sifa ya kushusha gari peke yake.

Bushi za poliyurethani naziweka chini zaidi kuliko wengi. Bushi ya mbele ya mkono inapaswa kunyumbuka pande kadhaa boriti inaposokotwa, na katika baadhi ya magari, Golf yakiwemo, imetengenezwa bila ulinganifu kwa makusudi, ili nguvu ya kona isiigeuze boriti nzima upande mbaya. Ukiweka bushi ngumu ya duara ya kawaida unaiondoa hekima hiyo. Gari la miaka 15 litafaidika zaidi kwa bushi mpya za mpira za kiwanda.

Usinunue chuma cha kuunganisha minara ya shokapu ndani ya buti. Haigusi kazi ya boriti. Wala usimruhusu fundi aichomelee boriti bamba ili kuikaza. Boriti husokotwa maelfu ya mara, na joto la kuchomelea hudhoofisha chuma pembeni mwa mshono, mahali ufa utakapoanzia bila wewe kuuona.

Mpangilio huu ni wa lami. Kenya, ambako otokrosi hukimbiwa zaidi kwenye udongo na muramu, shokapu zipande nafasi ya kwanza na stabilaiza ishuke hadi ya tatu au iachwe kabisa, kwa sababu kwenye mashimo kila gurudumu linahitaji uhuru wa kufuata ardhi, na mkia kwenye udongo huzunguka kwa breki ya mkono na kuachia mafuta bila kuhitaji fimbo. Kama unakimbia kwenye nyuso zote mbili, nunua fimbo yenye umbo la U, na siku ya udongo fungua vifimbo vyake vya pembeni na uvifunge pembeni kwa waya visipige bodi.